Gramps: programu ya nasaba inayokuachia uamuzi
Gramps ni programu ya bure ya kutunza nasaba, na ubora wake huonekana zaidi pale unapoingiza faili la GEDCOM (muundo wa kubadilishana data za nasaba kati ya programu) kutoka kwa ndugu, watu walewale wakajitokeza mara mbili. Zana yake ya kutafuta waliojirudia huwaorodhesha wawili wawili kwa kiwango cha kufanana, lakini kuwaunganisha ni juu yako, na ndivyo inavyopasa: kwetu mjukuu hurithi jina la babu, na ukimuunganisha Juma Ali mdogo na Juma Ali mkubwa, mtoto anageuka kuwa baba wa baba yake. Zana ya kuhakiki data nayo hufichua mtoto aliyeandikwa kuzaliwa baada ya mama yake kufariki. Tunza nakala ya hifadhidata kabla ya kuunganisha yeyote.