Ripoti ya kumchunguza mpangaji: lipia kitambulisho, usilipie rangi

Huduma yenyewe ni hii: unampelekea anayetaka nyumba ujumbe, anajaza fomu kwa simu yake, anakubali achunguzwe, na kabla chai haijapoa wewe mwenye nyumba umepata ripoti ya kurasa nne yenye rangi juu yake. Kijani, mpe ufunguo. Njano, fikiria. Nyekundu, mwambie nyumba imeshachukuliwa. Kifurushi cha chini ni shilingi 500, kinathibitisha kitambulisho na nambari ya simu. Cha juu ni 2,000, nacho kinaongeza rekodi ya mikopo, kazi, kesi za mahakamani na alama. Jina la kampuni silitaji kwa sababu nina la kuilalamikia, na isitoshe wenzao kadhaa hapa mjini wanauza kitu kile kile kwa nembo tofauti.

Mimi nina ploti Kahawa West, Nairobi, bedsita nyingi (chumba kimoja ambacho ndicho sebule na ndicho cha kulala) na nyumba chache za chumba kimoja cha kulala. Kabla ya hapo nilikaa miaka kwenye dirisha la keshia hospitalini, mahali ambapo kila mtu hukueleza kwa nini leo hana pesa, kwa hiyo hadithi hazinitishi. Anayenitisha ni mpangaji wa kuhepa usiku, na hata zaidi yule asiyehepa wala kulipa. Kumtoa huyo si kazi ya kufuli. Huwezi kumfungia mtu mlango wala kubeba sufuria zake kienyeji. Kukamata mali kwa deni la kodi kuna sheria yake na kuna dalali mwenye leseni. Ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba nayo bado inahusu nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi tu, kiasi ambacho Kahawa West ya leo hakikodishi hata banda la kuku. Kwa hiyo mwenye nyumba hujilinda mlangoni, siku ya kwanza, na hapo ndipo kampuni hizi zimeona riziki.

Nianze na kinachofanya kazi. Uthibitisho wa kitambulisho ni mzuri kweli. Mwombaji anapiga picha ya kitambulisho pande zote mbili, kisha uso wake, mfumo unalinganisha na rekodi za serikali, na pakiwa na tofauti unaambiwa hapo hapo. Ulimnasa bwana mmoja aliyekuja na kitambulisho cha binamu yake. Mtanashati, ameniita Mama kila baada ya maneno matatu, amesifu hata rangi ya geti. Uso ukakataa kulingana. Nilipomuuliza akasema ile picha alipigwa akiwa mgonjwa. Keateka wangu, yaani mtunza ploti, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, ilimbidi aende kuangalia mita za maji.

Bila kulipa chochote ipo njia ndogo: anza kumtumia mtu shilingi kumi kwa M-Pesa na jina la mwenye laini litatokea. Lakini hilo ni jina la laini, si la aliyesimama mbele yako, na River Road, mtaa wa mjini unaojulikana kwa karatasi bandia, bado iko pale pale kwa anayetaka karatasi ya aina yoyote. Kwa hilo, 500 naitoa bila kunung'unika.

La pili la kusifiwa ni idhini. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, huwezi kuchimba habari za mtu kimyakimya kwa sababu tu anataka bedsita. Sharti ajue unatafuta nini na kwa nini, na uchukue kinachohitajika tu. Zamani sisi tulikuwa na daftari la keateka: majina, nambari za vitambulisho, mahali pa kazi, nambari ya mama mzazi, yote wazi juu ya meza ya getini, kila aliyeleta mtungi wa gesi anasoma. Hapa mwombaji anaona orodha ya vitakavyoangaliwa na anaweza kukataa kimoja. Mmoja alikataa rekodi ya mikopo, akakubali mengine. Nilimpa nyumba na analipa.

Sasa rangi. Rangi inatokana na alama, na alama inatokana zaidi na CRB. Wenye nyumba tukisikia CRB tunasikia "mtu asiyelipa". CRB ni kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu, yaani Metropol, TransUnion na Creditinfo, zinazopokea habari za mikopo kutoka kwa wakopeshaji. Kodi ya nyumba haimo. Mimi sijawahi kupeleka huko rekodi ya mpangaji wangu, mwema wala mbaya, na hapa mtaani simjui anayepeleka. Alama hiyo inajibu swali la benki, nami swali langu ni jingine. Wapo watu wanaochezea mkopo wa simu wa 3,000 na kodi haijawahi kuwachelewa, kwa sababu mkopeshaji huwapigia simu tu, ilhali mimi huwakuta kwenye ngazi.

Doa lenyewe nalo lina umri. Kanuni za CRB za 2020 zilisema deni la chini ya 1,000 lisimwingize mtu kwenye orodha mbaya, na deni likishalipwa, habari zake hubaki kwenye rekodi miaka 5. Ripoti ya kampuni hii inaandika "ana historia ya kutolipa", basi. Amelipa? Hajalipa? Lini? Kiasi gani? Hayo yamo kwenye ripoti ya CRB yenyewe, ambayo kila mtu ana haki ya kuipata yake bure mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo mwombaji akitoka na njano kwa ajili ya mkopo, namwomba aniletee yake. Binti mmoja anayeuza simu aliniletea: deni la 2021, limelipwa 2022. Alikuwa amepakwa njano kwa jambo alilolimaliza akiwa bado chuoni.

Lakini kichefuchefu changu hasa ni kipengele cha kesi.

Kijana mmoja, fundi wa lifti, alitoka na nyekundu iliyokolea. Sababu: "mhusika katika kesi mahakamani". Niliuliza kesi gani, nikatumiwa kiungo cha hukumu kwenye tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu husomwa bure na yeyote. Nikaketi nikaisoma yote, na miwani yangu. Ni ugomvi wa mpaka wa shamba. Mlalamikiwa ana majina matatu sawa kabisa na ya kijana wangu, ila mzee huyo anaieleza mahakama jinsi alivyopanda mikaratusi kwenye mpaka kabla mkoloni hajaondoka. Mkoloni aliondoka 1963. Kijana amezaliwa 1999, na mwaka huo umeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti hiyo hiyo waliyoniuzia.

Hukumu ile ilikuwa na majina tu, nambari ya kitambulisho haikuwamo. Na majina yetu tunarithishana: mtoto anaitwa babu, babu naye aliitwa babu yake, halafu mbele tunaweka jina la Biblia ambalo nusu ya darasa wanalo. Mashine inayotafuta kesi kwa majina peke yake itamkuta kila mtu mahakamani siku moja. Tena hata shamba lingekuwa la kijana mwenyewe, kugombania mpaka kunamzuiaje kulipa bedsita?

Niliwaandikia. Wakajibu kwamba mfumo unafanya kazi ipasavyo. Kijana alipowaandikia mwenyewe akidai habari zake zisahihishwe, haki anayopewa na sheria ile ya 2019, mstari ukaondoka na nyekundu ikageuka kijani. Kumbe njia ya kuuondoa waliijua. Sheria hiyo pia inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, na sielewi neno "KATAA" lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya ripoti linaiheshimu vipi haki hiyo. Wenye nyumba wangapi hufika ukurasa wa nne? Wanaona nyekundu, wanasema nyumba imeenda, na aliyenyimwa hajui kanyimwa kwa kosa la nani. Kule Marekani, ambako biashara hii ni ya siku nyingi, sheria yao ya ripoti za mikopo ya 1970 inamtaka mwenye nyumba aliyemkataa mtu kwa sababu ya ripoti amjulishe, na amtajie kampuni iliyoitoa. Mimi sisubiri sheria kwa hilo. Namwita mtu, namwonyesha ukurasa.

Uthibitisho wa kazi ni simu moja kwa nambari aliyoitoa mwombaji mwenyewe. Sina la kuongeza.

Wanapendekeza pia umwombe mwombaji cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi. Kile angalau kinafuata alama za vidole, si jina. Lakini ni 1,050 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha kwenda kuchukuliwa vidole, kisha kusubiri, na mtu anataka kuhamia mwisho wa mwezi. Kwa bedsita naona ni kumsumbua. Nilikitaka kwa keateka, kwa sababu yeye ndiye mwenye funguo za akiba.

Kitu ambacho ningekilipia hata 2,000, na hakimo, ni stetimenti ya M-Pesa ikisomwa na mtu anayejua anachotafuta. Mwombaji anaitoa mwenyewe kwa simu yake, ya miezi sita, inakuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri. Simwambii anitumie. Tunaketi kwenye benchi pale getini, anaifungua yeye, na ninamwomba anionyeshe mistari ya kodi tu. Sadaka zake, dawa zake na anayemtumia za saluni si shauri langu. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio likiisha, utaiona karibu kwa kila mtu, usishtuke, hata mimi ninayo.

Mstari wa kodi una mambo matatu: tarehe, jina la mwenye Paybill (nambari ya M-Pesa ya kupokelea malipo), na nambari ya akaunti, ambayo kwa ploti nyingi ndiyo nambari ya mlango. Fundi wa lifti alikuwa B7. Tarehe 3, tarehe 4, tarehe 3, halafu tarehe 19, mwezi uliofuata vipande viwili, kisha tarehe 4 tena. Nikamuuliza ile 19. Akasema mishahara ilichelewa kazini, akasogeza kidole kidogo, akanionyesha mshahara ulivyoingia tarehe 18 jioni. Mtu anayelipwa tarehe 18 usiku unaingia, na asubuhi ya 19 kodi ya mtu imeshafika, huyo sihitaji kuambiwa rangi yake.

Jina lile la Paybill linatibu ugonjwa mwingine pia, simu ya mwenye nyumba wa awali. Fomu ya kampuni ina nafasi yake, na nambari huandikwa na mwombaji. Nimewahi kuongea na "wenye nyumba" wasiojua ploti yao ina ghorofa ngapi. Siku hizi namtafuta yule ambaye jina lake, au la ajenti wake, linafanana na lililoko kwenye stetimenti, na simuulizi kama mpangaji ni mtu mzuri. Namuuliza B7 ilikuwa ikilipa tarehe ngapi. Akijibu "mapema mapema, ila kuna mwezi alinichelewesha", najua naongea na mwenyewe. Anayesifu mno namshuku: aliyechoka na mpangaji humpamba ili amwondokee.

Kuhusu malipo, kampuni inakupa kitufe cha kumtoza mwombaji ile 2,000. Sijakigusa. Anayetafuta nyumba Nairobi kashatozwa na ajenti pesa ya kuonyeshwa, kashapanda matatu mtaa hadi mtaa, na mbele yake kuna dipoziti na kodi ya mwezi wa kwanza. Chumba ni kimoja na waombaji ni kumi. Ukiwatoza wote, hapo unafanya biashara nyingine kabisa. Nalipa mwenyewe, na kwa yule tu ambaye tayari nimeamua kumpa akitoka sawa. Ni mfukoni mwangu kweli, maana ile asilimia 7.5 ya KRA, mamlaka ya ushuru, tunayolipa tangu Januari 2024 inakatwa kwenye kodi yote ya nyumba iliyoingia, hakuna kutoa gharama.

Nimewauliza pia habari za waliokosa nyumba zinakaa kwao hadi lini. "Kwa muda unaohitajika." Unaohitajika na nani? Kila chumba kikijaa nawaandikia wafute za waliokosa, na hufuta, lakini lazima uombe. Kitufe cha kumtoza mtu kipo, cha kufuta habari zake hakuna.

Nimerudi kwenye kifurushi cha 500. Simu wanashika haraka, Kiswahili chao kizuri, risiti inafika papo hapo. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza siku watakapolinganisha mwaka wa kuzaliwa ulioko ukurasa wa kwanza na umri wa mzee aliyeko ukurasa wa nne.