Pistoni gani ununue mashine ya boti ikishika

Mashine ikishika, yaani pistoni ikinasa ndani ya silinda, katikati ya mlango wa bahari wa Mkanda huku Lamu, abiria wa Faza wakakukodolea macho, la kwanza linalokujia ni kupiga simu Mombasa uagize pistoni. Usipige. Fundi afungue kwanza, kisha pitisha ukucha ndani ya silinda. Pengine utakuta alumini ya pistoni imeganda ukutani tu, nayo hutoka. Lakini ukucha ukikwama kwenye mchubuko, silinda lazima ichongwe, na pistoni ya standadi, yaani ya saizi ya kiwandani, haikufai hata ukipewa bure.

Nazungumzia Yamaha Enduro 40 ya silinda mbili, milimita 80 kila moja ikiwa mpya.

Namba moja kwangu ni pistoni ya Yamaha yenyewe. Silinda ikipimwa ikaonekana nzima, chukua standadi. Ikiwa ya kuchongwa, chukua ovasaizi, yaani iliyozidi saizi ya kiwandani, ya milimita 0.25, na 0.50 pale tu mchubuko ulipoingia sana, maana ukishakata 0.50 leo, ikishika tena itabaki kuwekewa silivu, yaani ukuta mpya wa silinda. Pistoni inunuliwe kabla ya kuchonga. Isafiri pamoja na bloku, fundi aipime kwa maikromita, silinda ichongwe kuifuata pistoni. Mwaka mmoja nilichongesha kwanza nikanunua baadaye. Pistoni ikacheza kama mchi kinuni, na mashine ikagonga hadi nikaifungua upya. Gharama mara mbili.

Namba mbili, pistoni za kufuliwa, yaani zilizofinyangwa kwa kugandamizwa badala ya kumiminwa, kama za kampuni ya Wiseco. Ni ngumu kweli, ila huvimba zaidi zikipata moto, kwa hiyo nafasi kati yake na ukuta wa silinda ifuate karatasi iliyo ndani ya boksi, si mazoea ya fundi. Kwa boti ya abiria sioni haja.

Namba tatu, mtumba wa mashine ya jirani. Wa kukusogeza mwezi mmoja tu, basi.

Mwisho kabisa, nakala zisizo na jina, au zilizobandikwa jina la kampuni ya watu. Boksi lisikudanganye. Mashine hizi za kuchanganya oili na petroli zina kipini kidogo ndani ya kila mfereji wa ringi, kuizuia isizunguke ikanasa kwenye matundu ya silinda. Duka moja liliniuzia pistoni inayong'aa kama kikombe cha harusi. Nikakigusa kipini kwa ncha ya sindano, kikatikisika. Niliirudisha saa ileile, nikagombana nao nusu saa.

Nunua pia ringi, klipu mpya na gasketi. Klipu za zamani tupa. Maandishi ya UP juu ya pistoni yaelekee upande wa flaiwili, lile gurudumu zito juu ya mashine. Saa 10 za mwanzo ongeza oili kama kitabu kinavyosema, na usiivutishe mashine mafuta hadi mwisho hata abiria wakinung'unika.

Na impela, ile feni ya mpira ndani ya pampu ya maji, ibadilishwe siku hiyohiyo. Maji yakipwa tunapita juu ya mchanga, mchanga unaitafuna, na isipovuta maji ya kupoza, pistoni mpya itashika palepale iliposhika ya zamani.