Ferguson TE20: kagua haidroliki kwanza, injini baadaye

Ukikuta trekta kuukuu la Ferguson TE20 linauzwa Ireland au Uingereza, muuzaji ataanza kwa kukuwashia injini. Msikilize kwa adabu, kisha zunguka nyuma. Injini ya trekta hili ni kazi ya fundi yeyote wa magari. Thamani yake iko kwenye mikono mitatu inayobeba plau, na kwenye pampu iliyojificha ndani ya giaboksi, maana huko ndiko Harry Ferguson alikozama takriban miaka ishirini.

Ferguson alizaliwa 1884 Growell, karibu na Dromore, County Down, mtoto wa mkulima, ila yeye mwenyewe hakupenda kulima. Alijifunza ufundi Belfast katika karakana ya kaka yake ya baiskeli na magari, na tarehe 31 Desemba 1909 akaruka kwa ndege aliyoiunda mwenyewe, wa kwanza kufanya hivyo Ireland. Mwaka 1917, vita vikiwa vimeleta njaa ya chakula na ya wafanyakazi, Bodi ya Kilimo ya Ireland ilimpa kazi ya kuboresha matumizi ya matrekta mashambani. Alichokiona hakikumpendeza: mashine nzito zinashindilia udongo uleule zinaoulima, na plau inaburutwa nyuma kama tela. Plau ikigonga jiwe, magurudumu ya nyuma yanaendelea kusukuma, pua inainuka, na trekta zima linapindukia nyuma juu ya dereva.

Jibu lake, akishirikiana na fundi wake Willie Sands, lilikuwa kuifanya plau na trekta kuwa kitu kimoja. Mikono miwili ya chini inavuta, na mkono wa juu unasukumwa kuelekea mbele kila plau inapozama. Msukumo huo unabana springi, springi inasogeza valvu, na haidroliki inainua plau kidogo. Udongo ukilegea, plau inashuka tena. Wakati huohuo uzito wa plau na wa udongo inaoupindua unahamia kwenye magurudumu ya nyuma, ndiyo maana trekta la kama kilo 1,100 linalima kama kubwa zaidi yake. Plau ikikwama kwenye jiwe, uzito ule unaondoka na matairi yanateleza tu. Dereva anabaki kitini. Hii si hadithi ya matangazo. Ni hesabu ya nguvu tu, na matrekta mengi ya leo yenye mikono mitatu yanaitegemea.

Sasa ukaguzi wenyewe. Pampu ya TE20 inazungushwa na shafti ya PTO, ile ya nyuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana, kwa hiyo usipoingiza wenzo wa PTO, mikono haiinuki, na wanunuzi wengi hudhani imekufa. Ingiza PTO, achia klachi, funga mzigo wa maana nyuma (plau ya majembe mawili inatosha), kisha inua. Iache juu dakika kadhaa injini ikinguruma polepole. Mikono ikidundadunda, ikishuka kidogo na kupanda, mafuta yanavuja kwenye silinda ya kuinulia au kwenye valvu, na haidroliki inajisahihisha bila kukoma. Ikiinua kwa mikupuo, kwanza pima kiwango cha mafuta. Pampu ina pistoni nne, na ikivuta hewa au valvu zake zikiwa zimechoka, kila mzunguko una pengo. Ikiinua vizuri asubuhi lakini inagoma mafuta yakishika moto, pampu imelika. Rudia jaribio baada ya trekta kufanya kazi nusu saa, usikubali la baridi peke yake.

Mafuta ya giaboksi, difu na haidroliki ni yaleyale, takriban lita 27. Fungua kijiti cha kupimia. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia raba iliyopasuka kwenye shina la gia baada ya trekta kulala nje mvuani. Raba ni ya bei ndogo. Beringi zilizoshika kutu si za bei ndogo.

Matrekta haya yalitengenezwa na Standard Motor Company huko Banner Lane, Coventry, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya nusu milioni. Herufi kwenye kibao cha namba zinakwambia injini: TE20 tupu lina injini ya Continental ya Marekani, TEA20 ni petroli ya Standard, TED20 ni mafuta ya matrekta yaitwayo TVO, ndugu wa mafuta ya taa, TEF20 ni dizeli. Kwa kazi ndogondogo chukua TEA20. La mafuta ya taa huwashwa kwa petroli, likishapata moto ndipo linabadilishwa, na linarudishwa kwenye petroli kabla ya kuzimwa. Mvivu akiliendesha kwa mafuta ya taa likiwa baridi, yasiyoungua yanateremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuichujua oili. Nusa kijiti cha oili: kikinuka taa, hesabu beringi za injini kuwa za kubadilishwa.

Injini ya Standard ina laina (mapipa ya silinda) za kuchomoa, zinazoguswa na maji moja kwa moja, na chini yake kuna gasketi zenye umbo la nane. Zikichoka, maji yanaingia kwenye sampu. Anayefungua kichwa cha injini asiizungushe kabla ya kuzibana laina zisipande, vinginevyo gasketi zile zinaachia na kazi ya siku moja inageuka ya wiki.

Kwenye kuwasha ndipo tabia ya Ferguson inapoonekana. Hakuna kitufe cha stata: unasukuma wenzo wa gia hadi kwenye alama ya S, na kwa kuwa hauwezi kufika hapo ukiwa ndani ya gia, trekta haliwezi kumrukia anayeliwasha. Na spana yake moja inatosha kwa nati nyingi za trekta na zana zake, tena imechorwa inchi za kupimia upana wa mtaro. Ukiikuta bado ipo kwenye trekta, mmiliki wa kabla yako alikuwa mtu makini.

Kufunga zana: rudi nyuma taratibu, funga mkono wa kushoto, kisha wa kulia ukitumia kishikio chake cha kusawazisha, wa juu uwe wa mwisho. Kufungua ni kinyume chake. Usifunge mnyororo kwenye pini ya mkono wa juu kuvuta gogo. Hapo unalirudishia trekta kosa lilelile la 1917. Vipimo vya pini ndivyo vya daraja la kwanza la leo (Category 1), kwa hiyo zana ndogo zinazofungwa kwenye Massey Ferguson 135, trekta ambalo mkulima wa Kenya na Tanzania hahitaji kutambulishwa, zinaingia bila kulazimisha. Undugu ni wa kweli: 1953 Ferguson aliunganisha kampuni yake na Massey-Harris ya Kanada, baada ya makubaliano yake ya kupeana mkono na Henry Ford kuhusu kutengeneza matrekta kuvunjwa na mjukuu wa Ford na kesi kumalizwa 1952 kwa malipo ya dola milioni 9.25.

Shafti ya PTO ndiyo inayosumbua. Ni ya inchi 1 na 1/8, nyembamba kuliko ya sasa ya 1 na 3/8, hivyo unahitaji kipande cha kuunganishia. Kwa mashine ya kukata nyasi nunua kile kinachozunguka upande mmoja tu. PTO hii haijitegemei: ukikanyaga klachi, kisu kizito kinaendelea kuzunguka na kulisukuma trekta mbele, hadi kwenye ukuta ikibidi.

Ferguson aliishia Uingereza, Abbotswood karibu na Stow-on-the-Wold, pamoja na mkewe Maureen, aliyemwoa 1913 na kuzaa naye binti mmoja, Betty. Alifariki huko Oktoba 1960. Karibu miaka mitatu kabla, Januari 1958, mpanda milima Edmund Hillary alikuwa amefika Ncha ya Kusini kwa matrekta haya, yakiwa yamevalishwa minyororo.

Kama unataka la kubebea kokoto kwa ndoo ya mbele, liache: ekseli ya mbele na usukani havikuumbwa kwa mzigo huo. Wala halina fremu ya kumkinga dereva likipinduka kando, kwa hiyo kwenye mteremko mkali usilipeleke. Kwa plau ya majembe mawili, haro nyepesi na tela dogo kwenye ekari chache, lipimwe haidroliki ikiwa moto, na bei ijadiliwe kuanzia hapo.