Uzoefu wangu na somo la bayokemia la mwaka wa kwanza: msalaba mwekundu kwenye swali la nne

Jambo hili nimekaa nalo tangu muhula uliopita, nikidhani hasira ingepoa, na haijapoa. Anayetaka kujua ada, idadi ya saa au orodha ya mada ataipata kwenye ofisi ya usajili. Mimi naandika kuhusu swali moja la mtihani, na kuhusu dakika zisizozidi tano nilizosimama mlangoni pa mhadhiri katika chuo kimoja hapa Nairobi.

Swali lilikuwa hili: molekuli moja ya glukosi ikivunjwa kikamilifu penye oksijeni, seli hupata ATP (molekuli zinazobeba nishati ya seli) ngapi? Niliandika 30 hadi 32 na kuonyesha hesabu yote. Karatasi iliporudi nilikuta msalaba mwekundu uliokandamizwa kwa nguvu hata wino ukapenya upande wa pili, na pembeni nambari 38, bila neno lingine lolote.

Sisemi kwamba 38 ilitoka hewani. Ndiyo waliyofundishwa waliotutangulia, nayo ilitokana na kuhesabu kwamba kila NADH huzaa ATP 3 na kila FADH2 huzaa 2 (zote mbili ni molekuli zinazobeba elektroni zilizotoka kwenye glukosi): NADH kumi zinatoa 30, FADH2 mbili zinatoa 4, kisha unaongeza 4 zinazotengenezwa moja kwa moja katika glikolisisi, yaani hatua ya kwanza ya kuvunja glukosi, na katika mzunguko wa Krebs unaofuata baadaye. Hata hivyo, mwaka 1961 mwanabayokemia Mwingereza Peter Mitchell alieleza kwamba nishati ya elektroni hutunzwa kwanza kwa kusukuma protoni ng'ambo ya utando wa ndani wa mitokondria, sehemu ya seli inayotengeneza ATP nyingi, na wazo hilo, lililopingwa kwa miaka mingi kabla ya kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1978, ndilo lililowawezesha watafiti kuhesabu protoni zenyewe. NADH moja husukuma takribani protoni 10, na ATP moja hugharimu takribani 4 ukijumlisha ile inayotumika kuingiza fosfeti. Kumi ukigawanya kwa nne unapata 2.5, si 3. FADH2, ambayo elektroni zake huingia mbele zaidi njiani, inabaki na 1.5. Basi ni 25, na 3, na 4, jumla 32, ambazo hushuka hadi 30 pale NADH za nje ya mitokondria zinapopitishiwa njia yenye hasara. Hayo yote niliyaandika, mstari kwa mstari.

Nilikwenda ofisini kwake kwa adabu. Nilisema, "Samahani, Daktari, naomba unifafanulie swali la nne." Hakuinua uso kutoka kwenye simu yake. "Wewe binti, kwani siku hizi ni wewe unayenifundisha? Nilikupa noti. Andika kilichomo kwenye noti. Siku ukipata darasa lako, utafundisha hayo yako." Nilinyoosha karatasi, hakuipokea. Wenzangu wawili waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu walitazama sakafu, na mimi niliondoka nikiwa nimeikunja karatasi ile mara nne kiganjani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu huyuhuyu, wiki chache kabla ya hapo, alitusimulia kwa hisia nzito jinsi Hans Krebs alivyopeleka makala yake kuhusu mzunguko huo wenye jina lake kwa jarida la Nature mwaka 1937 ikarudishwa, akaichapisha kwingine, na mwaka 1953 akapata Nobel. Darasa zima lilinyamaza kumsikiliza. Nilitoka siku hiyo nikiamini kwamba nimepata mwalimu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia mnaofuata: msijisajili kwa somo hili. Lakini nikikumbuka maabara, neno hilo linanikwama. Fundi wa maabara, mama mmoja mpole ambaye kila mwanafunzi alikuwa mwanawe, alitupa hamira iliyochanganywa na maji ya sukari katika neli ya kioo, akadondosha methilini ya buluu na kuiweka kwenye maji ya uvuguvugu. Baada ya dakika chache rangi ilififia yote, isipokuwa pete nyembamba ya buluu juu kabisa, pale kimiminika kinapogusana na hewa. "Tikisa, mwanangu," akaniambia. Nilipotikisa, buluu ilirudi neli nzima, kisha ikaanza kufifia tena mbele ya macho yangu. Seli za hamira zilikuwa zikiipa rangi elektroni za sukari, na oksijeni ilikuwa ikizinyang'anya. Nilirudia mara sita au saba, na laiti asingetufungia mlango ningeendelea. Kwa saa zile mbili peke yake, somo hili lina thamani ya kila shilingi niliyolipa.

Basi jisajilini. Nasema hivyo, kisha naikunjua karatasi, naona ule mwekundu, na nataka kulifuta neno hilo. Mwanafunzi akikosea, asahihishwe, na mimi ningekubali kusahihishwa. Lakini kufukuzwa mlangoni kabla hesabu yako haijatazamwa si kusahihishwa.

Sehemu ya pili ya somo inaanza muhula ujao, na mhadhiri ni huyohuyo. Nimeshalipa. Alama mbili za swali la nne sizidai tena. Ninachodai ni aipokee karatasi ile mkononi na kuisoma mpaka mstari wa mwisho, hata kama baada ya hapo ataniambia kwamba nimekosea.