Chupa ya maabara au tangi la nje: kipi kinapima vyema athari ya sumu kwa mwani?

Ukitaka kujua kemikali sugu, yaani isiyooza upesi, kama PCB (kemikali ya viwandani) au DDT (dawa ya kuua wadudu) inaathiri vipi mwani wa hadubini, una njia mbili: kukuza aina moja kwenye chupa za maabara, au kuweka jamii nzima ya mwani kwenye matangi makubwa ya nje yenye maji ya ziwa.

Kwa gharama na muda, chupa haina mpinzani. Jaribio la kawaida huchukua saa 72: unahesabu seli na kulinganisha na chupa isiyotiwa sumu. Tangi hudai wiki au miezi, na mvua kubwa moja yaweza kuvuruga kila kitu.

Lakini chupa huficha jambo zito. Mwaka 1972 watafiti walijaribu PCB na DDT kwa viwango ambavyo havikudhuru aina yoyote ikikuzwa peke yake. Walipochanganya diatomu (mwani wenye ganda gumu la silika) na mwani wa kijani, diatomu iliyokuwa ikitawala ikapoteza nafasi yake. Hapo ndipo ninapoliheshimu tangi: linaonyesha nani anamsukuma nani, na wadudu wa majini watabakiwa na chakula gani.

Kudhibiti kiwango cha sumu ni kugumu kote. PCB hunata kwenye kioo cha chupa. Tangini huzama na tope. Pima kiwango kilichomo majini mwanzo na mwisho, usitegemee ulichomimina.

Unataka kupima kemikali nyingi ili kujua zipi ni hatari? Chukua chupa. Unahofia ziwa fulani na muda unao? Tangi, ila anza na chupa upate kiwango cha kuanzia.