Kutyuni gari: kabureta na EFI

Gari la kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, lilimtaka fundi mwenye sikio. Alipima mwanya wa pointi (swichi ndogo ya kuzalisha cheche), akabadilisha plagi na kondensa, akageuza distribyuta, kigawa umeme wa plagi, kuweka taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kisha akazungusha skrubu ya kabureta hadi injini itulie. Arusha, takribani mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi: kabureta iliyotyuniwa Dar es Salaam ikifika huku hula mafuta zaidi.

Injini ya EFI, yaani inayopuliza mafuta kwa mfumo wa kielektroniki, hurekebisha mchanganyiko wa hewa na mafuta yenyewe kwa sensa. Fundi huchomeka mashine na kusoma hitilafu. Plagi za iridiamu huweza kufika kilomita 100,000. Nachagua EFI bila kusita. Ila filta ya hewa ikaguliwe kwa macho kila sevisi, maana hata ikiziba kwa vumbi, mara nyingi taa ya injini haiwaki.