Kucha za bandia: kubandika wanajua, kutoa ni balaa

Nyota moja, na hiyo moja ni ya kubandika. Kwa kutoa sina cha kuwapa. Jina la saluni naliacha, iko Magomeni, na walionipeleka wanajua nazungumzia wapi.

Mnaijua Dar ikifika Shaaban: harusi juu ya harusi, kila mtu anataka kumaliza shughuli yake kabla ya mfungo. Sisi upande wa bibi harusi tulibandika wote akriliki, zile za unga unaochanganywa na dawa ya maji zikaganda, ndefu, rangi ya maziwa. Elfu thelathini na tano nikatoa bila kuomba nipunguziwe. Kazi ilikuwa safi, hilo siwanyimi. Dada aliyenibandikia ana mkono, hakuna hata ukucha mmoja ulionyanyuka mpaka shughuli zote zikaisha.

Mwezi ukawa karibu kuandama, nikarudi kuzitoa. Na kucha zile maji ya udhu hayafiki panapotakiwa, na Ramadhani sitaki mushkeli. Saluni imejaa, wote tumekuja kwa jambo hilo hilo. Aliyenipokea ni binti mwingine. Hakuniuliza nimewekewa jeli, ile inayokaushwa kwa taa, au akriliki. Akachukua tipsi, ile ncha ya plastiki ya kurefushia kucha, akaichomeka chini ya ukucha wa bandia, akainua. Cha kidole gumba kikatoka kwa mlio. Chini yake ukucha wangu mwenyewe ulikuwa mweupe, umechunika magamba, pembeni damu.

Nikamwambia, mdogo wangu, si mnalowesha kwanza kwa asetoni, ile dawa ya kulainishia? Akanijibu bila kuinua macho: "Hizi za kwetu ngumu, hazilegei kwa dawa. Acha kudeka dada, mbona wenzako hawalii?" Akaingia kidole cha pili, ananikwangua kama ukoko wa sufuria.

Kudeka! Nimezaa, nimeng'olewa jino, hakuna aliyewahi kuniambia nadeka. Na mwenye saluni alikuwa pale pale anahesabu pesa. Alisikia. Akanyamaza. Hilo linaniuma kuliko damu yenyewe. Alipokishika kidole cha tatu nikavuta mkono, nikawalipa elfu tano yao ya kutoa, maana sikutaka maneno, nikaondoka na nane zikiwa bado vidoleni.

Nyumbani yuko wifi yangu, amewahi kufanya kazi ya kucha Muscat. Aliniangalia mikono akasonya. Kabla ya kugusa chochote alitoa chetezo cha udi nje na kukataza mtu asiwashe jiko, kwa sababu mvuke wa asetoni unashika moto haraka. Madirisha wazi. Kisha akamtuma mtoto dukani, akasisitiza: asetoni yenyewe, siyo rimuva ya kawaida ya kunukia matunda, kwani nyingi ya hizo hazina asetoni kabisa, zinatoa rangi tu na akriliki inabaki inakutazama.

Alipunguza urefu kwa kikatio. Akasugua ule mng'ao wa juu kwa msasa mpaka ukafifia, maana dawa haipenyi vizuri ukiwepo. Akanipaka Vaseline kwenye ngozi kuzunguka kila kidole. Vile viwili vyenye kidonda akaviacha kabisa, asetoni ikigusa kidonda ni moto. Pamba iliyolowa juu ya kila ukucha, juu yake foili, ile ile ya kufungia samaki. Nikakaa nusu saa na ushei, mikono imefunikwa taulo ipate joto la mwili. Joto la moto hapana, hata kidogo.

Alipofungua, akriliki isiyolegea kwa dawa ilikuwa imelainika, inasukumika kwa kijiti cha mti. Palipogoma hakulazimisha. Alirudisha pamba na foili, akasubiri tena. Zote nane zikatoka bila damu, bila mimi kukunja uso.

Hapo hasira ndipo ilipopanda upya. Maana nakubali kuna zisizolegea. Jeli ngumu ya kujengea haiyeyuki kwa asetoni, inaondolewa kwa msasa kidogo kidogo. Kuna na akriliki inayochanganywa kwa dawa ya MMA, inaganda ngumu mno na asetoni inapata tabu nayo. Marekani, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, iliifikisha mahakamani biashara ya dawa hiyo ikiwa tupu, bila kuchanganywa, tangu miaka ya 1970. Lakini zangu hazikuwa hizo, tumeona kwa macho. Kwa hiyo ama binti alinidanganya ili foleni isogee, ama hajui saluni yao inabandika nini kwenye vidole vya watu.

Na madhara yake si ya siku mbili. Ukucha ni tabaka nyembamba zilizolaliana. Akriliki imeshika ile ya juu, ukiivuta kavu inaondoka nayo. Ukucha wa mkono unakua kama milimita 3 kwa mwezi, hivyo kidole gumba changu kitakaa karibu nusu mwaka ndipo kipate ukucha mzima. Sasa hivi kukamua ndimu za futari nimemwachia mwanangu. Nafua na kuosha vyombo kwa glavu, nakata fupi, msasa napitisha upande mmoja tu, mafuta ya nazi asubuhi na kabla ya kulala. Sibandiki kitu juu yake. Na nikiona rangi ya kijani au usaha nakwenda kwa daktari, maana maji yakinaswa chini ya kucha bandia iliyoachia, vijidudu vinastawi humo, na kuna wanaofunika ule ujani kwa kubandika nyingine.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msikanyage pale. Baadaye nikafikiri, binti wa watu huenda hajafundishwa, analipwa kwa kichwa, na watu wamesimama mpaka mlangoni. Mngeweza kwenda kubandika kwa yule dada, mkatolea nyumbani. Nilikuwa nimeshaandika hivyo.

Nimefuta. Mwenye saluni aliyesikia mteja anaambiwa anadeka huku damu inatoka, akaendelea kuhesabu noti, hastahili elfu thelathini na tano ya mtu yeyote, hata akiwa na mbandikaji bora Dar nzima. Shoga yangu mmoja wa kundi lile bado anazo zake, anaogopa kuzitoa tangu aone kidole changu. Nimemwambia aje kwangu kesho baada ya kufuturu, wifi yupo. Aje na pamba tu, asetoni imebaki.